Kombania nne badala ya sita: jeshi la Austria kabla ya Ulm, 1805

Juni 1805 rejimenti za askari wa miguu za Austria zilipokea amri ya kujipanga upya. Batalioni (sehemu ya rejimenti) iliyokuwa na kombania sita, yaani vikundi vya kapteni mmoja mmoja, ibaki na nne. Septemba rejimenti hizo hizo zilikuwa zinavuka mto Inn kwenda vitani, na tarehe 20 Oktoba maelfu ya askari wake walikuwa wanaweka bunduki chini nje ya mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, Napoleon akiwatazama.

Wengi wanaosimulia kisa hiki humalizia hapo: amri ya Juni iliharibu jeshi, jeshi likaanguka Oktoba, mwenye kosa ni jenerali Mack aliyeitoa. Mimi naona hiyo ni nusu ya kisa, tena nusu nyepesi. Hapa nawataja kwa majina wakuu ambao habari zao ni historia ya wazi. Walio chini yao nawataja kwa vyeo na kazi zao tu.

## Usuli: jeshi lilivyokuwa

Askari wa Kaisari Franz walitoka Bohemia, Moravia, Galicia, Hungaria, Kroatia, Transylvania na Austria yenyewe. Amri za kwata zilitolewa kwa Kijerumani, maneno machache ambayo kila kurutu aliyakariri hata kama hakujua neno lingine la lugha hiyo. Mengine yote, kuanzia manung'uniko ya posho hadi kumtuliza kijana anayetetemeka usiku wa kuamkia vita, yalikwenda kwa lugha ya rejimenti, na ofisa alitakiwa aijue au ajifunze. Msomaji alishike hili, maana tutalirudia.

Rejimenti ilikuwa na mwenyewe. Kwa kawaida alikuwa jenerali au mwanamfalme. Rejimenti iliitwa kwa jina lake, naye alikuwa na haki ya kuteua maofisa wa ngazi za chini hadi kapteni. Aliyeiongoza vitani ni kanali. Ndani yake mlikuwa na kombania 18 za askari wa kawaida, katika batalioni tatu za kombania sita sita, pamoja na kombania mbili za magrenadia, yaani watu waliochaguliwa kwa umbo na uzoefu. Wakati wa vita magrenadia walitolewa kwenye rejimenti zao na kuunganishwa na wa rejimenti nyingine. Kombania za kawaida zilikwenda mbili mbili: jozi iliyofanya kwata pamoja, ikapanga mstari pamoja, na kufyatua pamoja. Batalioni moja ilikuwa na jozi tatu, na kila kapteni alijua pacha wake ni nani.

Hadi mwaka 1802 askari wa majimbo ya Kijerumani na Kislavi aliandikishwa kwa maisha yake yote. Mwanamfalme Karl, ndugu wa Kaisari, ndiye aliyepunguza muda huo, na askari wa miguu wakawa wanatumikia miaka 10. Hungaria ilikuwa na utaratibu wake. Bunge lake ndilo lililoamua litatoa makurutu wangapi. Kwenye mpaka wa kusini, ulioelekea dola ya Waturuki, kulikuwa na rejimenti 17 za wakulima wanajeshi waliopewa ardhi kwa malipo ya utumishi. Hao walikuwa wazuri kwa kupigana wametawanyika, mmoja huku, mwingine kule. Maofisa wa Vienna waliwafundisha kwa bidii kusimama kwenye mstari ulionyooka kama wengine, na hivyo kuufifisha ustadi huo.

Juu ya rejimenti hapakuwa na kitu cha kudumu. Brigedi, yaani rejimenti kadhaa chini ya jenerali mmoja, ziliundwa vita vilipokaribia na kuvunjwa vilipokwisha. Jenerali alikabidhiwa rejimenti ambazo huenda hakuwahi kuziona. Wafaransa mwaka huo walikuwa na vikosi vikubwa saba vya kudumu. Kila kimoja kilikuwa na askari wa miguu, wapanda farasi, mizinga na wanadhimu wake, na watu wake wengi walikuwa wamekaa pamoja kambini pwani ya Bahari ya Kaskazini na ya Mfereji wa Uingereza kwa muda mrefu wakifanya mazoezi.

## Bunduki, singe na mizinga

Silaha hazikuwa tatizo kubwa, ingawa wengi hupenda kuanzia hapo. Bunduki ya kawaida ilikuwa gumegume la kujazia mdomoni, lenye singe. Muundo mpya wa 1798 ulikuwa na kasiba ya milimita 17.6 na uliiga mambo mengi ya bunduki ya Kifaransa ya 1777. Haukuwa umefika kila mahali, hivyo bunduki za zamani zenye kasiba pana zaidi zilikuwa bado mikononi mwa askari wengi. Askari aliyezoezwa vizuri alifyatua mara mbili au tatu kwa dakika, akisimama katika safu tatu.

Walenga shabaha wa rejimenti za mpakani walikuwa na silaha ya kushangaza: bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, mmoja ukiwa na michirizi ndani kwa ajili ya shabaha ya mbali na mwingine laini. Ilikuwa nzito kiasi kwamba mpigaji aliiegemeza juu ya mkuki wenye kulabu. Na siwezi kuipita bunduki ya upepo ya Girandoni, iliyoanza kutumika katika jeshi hili karibu 1780. Kitako chake kilikuwa tangi la hewa iliyoshindiliwa, pembeni kulikuwa na hazina ya risasi 20 hivi za mviringo, haikutoa moshi wala mwanga, na ilifyatua mara nyingi wakati mwenye gumegume bado anahangaika na baruti. Lakini tangi lilidai kupigwa pampu zaidi ya mara elfu, na likivuja hakuna fundi wa karibu wa kuliziba. Kufikia 1805 silaha hii haikuwa na uzito wowote katika mipango ya vita.

Mizinga ilitokana na mpango wa mwanamfalme Joseph Wenzel wa Liechtenstein wa mwaka 1753: ya ratili 3, 6 na 12 (uzito wa tufe lake), pamoja na hawitza, mzinga mfupi wa kurusha juu, ya ratili 7. Katika siku zake ilikuwa ya mfano Ulaya. Kwa wapanda farasi kulikuwa na mizinga iliyofungwa kiti kirefu cha ngozi, wapigaji wakikaa juu yake miguu ikining'inia huku na huku kama wamepanda punda. Wajerumani walikiita "soseji". Kasoro ilikuwa kwenye mgawanyo. Mizinga mingi midogo iligawiwa batalioni moja moja, hivyo kamanda aliyetaka kuikusanya ipige sehemu moja alikuta imetawanyika mstari mzima.

## Aliyeahidi kwamba inawezekana

Karl alipinga kuingia vitani. Alisema jeshi limechoka kwa vita vilivyokwisha 1801, hazina ni tupu, farasi hawatoshi. Katika serikali, waziri wa mambo ya nje Cobenzl na wenzake walitaka kujiunga na Urusi na Uingereza, nao walihitaji mwanajeshi atakayesema inawezekana.

Wakampata Karl Mack. Alitoka kwenye familia isiyo ya kifahari huko Franconia, akaanzia chini katika askari wa farasi na kupanda kwa kazi ya unadhimu. Alikuwa mchapakazi, msemaji mzuri, hodari wa kupanga mambo kwenye karatasi. Mwaka 1798 alikuwa ameongoza jeshi la Napoli likashindwa vibaya, akatekwa na Wafaransa, kisha akatoroka Paris. Aprili 1805 akafanywa mnadhimu mkuu wa jeshi, na Karl akasukumwa pembeni.

## Uamuzi wa Juni na sababu zake

Hoja ya Mack haikuwa ya kipuuzi. Batalioni ya kombania sita, ikijaa, ilikuwa na watu kama elfu moja. Sauti ya kamanda haikufika pembeni, kugeuza mstari kulichukua muda, na moshi wa baruti uliposhuka hakuna aliyeona kitu. Ya kombania nne, watu mia sita au mia saba, iligeuka haraka. Rejimenti ile ile sasa ingekuwa na batalioni tano badala ya tatu, nne za kawaida na moja ya magrenadia wake yenyewe, na jenerali angekuwa na vipande vingi zaidi vya kuchezesha uwanjani.

Hesabu ilikwenda hivi: kombania 18 na 2 ni 20, gawa kwa tano, unapata nne nne. Karatasini inapendeza. Lakini batalioni ya magrenadia ilihitaji kombania nne na zilizokuwepo ni mbili, kwa hiyo mbili nyingine zilitengenezwa kwa watu waliotolewa kwenye kombania za kawaida. Zilizobaki zikagawanywa upya, na jozi za zamani zikavunjika.

Jambo la pili aliloamua lilikuwa kupunguza misafara ya chakula na mizigo, jeshi lijilishe kutokana na nchi linamopita kama Wafaransa walivyofanya. Sababu ilikuwa ya kweli: farasi hawakuwepo, na wachache waliopatikana hawakutosha hata kuvuta mizinga yote.

La tatu ni la mwelekeo. Sehemu kubwa ya jeshi, watu kama 90,000, ilipelekwa Italia chini ya Karl. Jeshi la Danube, kama watu 70,000, lilipewa mwanamfalme kijana Ferdinand kwa jina, huku Kaisari akiagiza kwamba neno la mwisho ni la Mack. Nalo lisingoje washirika wake Warusi, liingie Bavaria, nchi jirani ya Kijerumani, na kwenda hadi Ulm. Kwa Mack hili lilikuwa na mantiki: Bavaria ingelazimishwa kujiunga, rasilimali zake zisiende kwa adui, na Ulm ilikuwa ngome ya asili iliyowahi kuwakinga Waaustria mwaka 1800. Wafaransa, alivyoamini, wangetokea magharibi kupitia Msitu Mweusi, karibu na mto Rhine.

## Mambo yalivyokwenda

Tarehe 8 Septemba Waaustria walivuka Inn. Jeshi la Bavaria halikungoja kulazimishwa. Liliondoka kuelekea kaskazini, na baadaye likapigana upande wa Napoleon. Askari wa Mack walikwenda mbio magharibi katika mvua bila misafara ya kutosha, na walifika mto Iller wamechoka, viatu vimekwisha. Hawakuwa wamemwona adui bado.

Tarehe 25 na 26 Septemba Wafaransa walivuka Rhine. Wapanda farasi wa Murat, mmoja wa makamanda wa Napoleon, walijionyesha kwenye Msitu Mweusi, pale pale Mack alipokuwa anatazama, na vikosi vikubwa vikazunguka kaskazini. Tarehe 3 Oktoba Bernadotte, kamanda mwingine wa Napoleon, alikatiza ardhi ya Ansbach iliyokuwa mali ya Prussia, nchi isiyofungamana na upande wowote. Mack alikuwa ameihesabu ardhi hiyo kama ukuta.

Tarehe 7 Oktoba Wafaransa walikuwa wamevuka Danube huko Donauwörth, mashariki ya Ulm, yaani mgongoni mwake. Mack akamtuma jenerali Auffenberg na watu kama 5,000 aende kuona. Kikosi hicho kilikuwa cha kuokoteza, batalioni za rejimenti mbalimbali pamoja na magrenadia. Tarehe 8 huko Wertingen kilikutana na Murat na mwenzake Lannes. Magrenadia walipanga mraba na kupigana kiume, lakini hakuna aliyekuja kuwasaidia; kikosi kilivunjwa na jenerali mwenyewe akatekwa. Siku iliyofuata daraja la Günzburg likapotea.

Kisha ikaja nafasi. Tarehe 11, Haslach, kaskazini ya Ulm, divisheni moja ya jenerali wa Kifaransa Dupont yenye watu kama 5,000 ilijikuta mbele ya Waaustria wapatao 25,000. Dupont alishikilia hadi jioni, halafu akarudi nyuma. Barabara ya kwenda Bohemia ilikuwa karibu wazi. Mack alikuwa amejeruhiwa kidogo siku hiyo, na siku mbili zilizofuata zilikwisha kwa amri kutolewa, kubadilishwa na kutolewa tena. Tarehe 13 alishawishika kwamba Waingereza wametua Boulogne na Napoleon anakimbilia Rhine. Kwa hiyo wale aliowaona wamemzunguka walikuwa, kwake, jeshi linalorudi kwao.

Tarehe 14 Ney, kamanda wa Napoleon, aliteka daraja na mlima wa Elchingen. Usiku huo Ferdinand, baada ya ugomvi mkali na Mack, alitoka na wapanda farasi, jenerali Schwarzenberg akiwa naye. Jenerali Werneck, aliyekuwa ametangulia nje na kikosi chake, alifukuzwa siku nne hadi akasalimu amri tarehe 18. Mji wa Memmingen ulikuwa umeshasalimu amri siku chache kabla ya hapo. Ni jenerali Kienmayer tu, aliyekuwa mashariki, aliyewahi kurudi nyuma na kikosi chake kizima.

Mack alikubali tarehe 17 kwamba atasalimu amri na kutoka tarehe 25 kama Warusi hawajafika. Baadaye akakubali kutoka tarehe 20. Kulingana na nani anahesabu, waliotoka walikuwa kati ya 23,000 na 27,000.

Hapa kuna hadithi inayorudiwa sana: kwamba Waaustria na Warusi walikosana tarehe kwa sababu Urusi ilitumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma siku 12. Ni hadithi tamu, lakini mimi siiamini. Wanadhimu wa dola mbili zilizofanya biashara na kupigana vita pamoja kwa miaka mingi walijua kusoma kalenda. Kutuzov, kamanda wa Warusi, alikuwa na safari ndefu, na alifika Braunau, kwenye mto Inn, jeshi lake likiwa limechakaa. Mack hakuwa na haja ya kalenda mbovu kumwacha peke yake, alijitanguliza mwenyewe.

## Matokeo

Wafaransa waliingia Vienna tarehe 13 Novemba. Vita vya Austerlitz, walikoshindwa Waaustria na Warusi, vilikuwa tarehe 2 Desemba, na mkataba wa amani wa Pressburg tarehe 26. Mack alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akavuliwa cheo, rejimenti na nishani, na kufungwa miaka miwili ngomeni. Mwaka 1819 alirudishiwa heshima zake kwa maombi ya Schwarzenberg, yule yule aliyetoka Ulm usiku na Ferdinand.

Batalioni za kombania nne hazikudumu. Karl, aliyerudi kushika jeshi mwaka 1806, alirudisha batalioni mbili za kombania sita katika kila rejimenti, ya tatu akaiacha na nne, na magrenadia wakarudi kuwa kombania mbili.

## Uchambuzi

Nianze na kilichofaa, kwa sababu kipo. Wazo la batalioni ndogo lenyewe lilikuwa zuri. Hata shambulio la Haslach lilionyesha kwamba askari hawakuwa wabovu. Walikuwa tayari kupigana wakiwa na njaa na matope hadi magotini. Na Kienmayer, ambaye hakungoja ruhusa ya mtu aliyezingirwa, aliokoa kikosi chake.

Kilichoharibika kwanza ni wakati. Kuhamisha kombania kutoka batalioni moja kwenda nyingine karatasini ni mstari wa wino. Kambini ni kumwondoa askari wa Galicia kwa sajenti anayemjua tangu siku ya kwanza na kumweka chini ya mwingine ambaye bado anabahatisha lugha yake. Ni kapteni kumpoteza pacha wake wa mstari. Mazoea hayo hujengwa kwa mwaka au miwili ya kwata, gwaride na makosa yanayosamehewa. Mack aliwapa wiki chache, nusu yake wakiwa safarini. Ni kama kupasua mbao za dau ili ulijenge upya nalo liko katikati ya mkondo. Maofisa wa wakati ule walilalamika hivyo hasa: askari hawawajui wakubwa wao, na wakubwa hawawaamini askari.

Lakini jaribu kuchukua vita vyote vya Oktoba na kuuliza ni kipi kilipotezwa kwa sababu batalioni ilikuwa na kombania nne. Wertingen? Pale walishindwa watu 5,000 waliotumwa peke yao, wenzao wakiwa mwendo wa saa chache bila mtu mwenye mamlaka ya kuwasogeza. Haslach? Pale watu 25,000 walipigana vipande vipande dhidi ya 5,000 kwa sababu kila jenerali alingoja amri kutoka Ulm. Elchingen na safari ya mwisho ya Werneck ni vivyo hivyo. Kila mara jeshi lilipasuka pale pale, kati ya rejimenti na kamanda mkuu, mahali ambapo Wafaransa walikuwa na kikosi cha kudumu na Waaustria walikuwa na orodha iliyoandikwa wiki hiyo. Ney hakuhitaji kumwuliza Napoleon namna ya kupanga mizinga yake Elchingen. Ilikuwa yake, na aliyeiongoza alikuwa anamjua.

Mack alitengeneza ngazi ambayo haikuwa imevunjika na kuiacha iliyovunjika. Kwa nini? Nadhani kwa sababu ya chini ndiyo aliyoweza kuigusa kwa amri moja. Ya juu ingegusa majenerali wenye vyeo vya kurithi, wenye rejimenti, na ndugu wa Kaisari.

Suala la misafara silirefushi. Wafaransa waliweza kula njiani kwa kuwa walikwenda kwa njia nyingi sambamba na kukutana vitani. Waaustria walikwenda kwa njia chache wakiwa wamerundikana, na wa nyuma alikuta shamba tupu. Wakuu wawili, Ferdinand kwa jina na Mack kwa kazi, nao walifanya walichotarajiwa kufanya: waligombana, wakaachana usiku.

## Mwaka 1809

Karl alijua pengo liko wapi. Kati ya 1806 na 1809 aliandika kanuni mpya za utumishi na kwata, akaunda batalioni tisa za walenga shabaha, akaanzisha jeshi la akiba la raia, akaiondoa mizinga kwenye batalioni na kuikusanya katika betri, yaani makundi ya mizinga minane, kwa brigedi. Alifundisha askari wa miguu kujibana katika miundo minene dhidi ya wapanda farasi bila kusimama kama mraba wa zamani. Hatimaye akaunda vikosi vikubwa vya kudumu kama vya Wafaransa: tisa vya mstari na viwili vya akiba.

Hivyo vikosi vikubwa vilipata sura mapema 1809. Vita vilianza tarehe 10 Aprili. Makamanda wake walikuwa bado wanangoja amri kutoka juu kwa kila hatua, na kufikia tarehe 23 Aprili, baada ya kushindwa Eckmühl, Karl alikuwa anavuka Danube huko Regensburg akirudi nyuma. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 na 22 Mei huko Aspern, vikosi vile vile vikiwa vimeshapigana pamoja mara kadhaa, miundo yake minene ilisimama mbele ya wapanda farasi wa Kifaransa na haikuvunjika, na Napoleon akalazimika kurudi kisiwani Lobau.